Achari ya zukini: toa maji kwanza, siki baadaye

Zukini, au kojeti kama wauzaji wengi wanavyoiita sokoni, ni maji yaliyovaa ganda. Katika kila gramu 100 za zukini mbichi, karibu 95 ni maji. Ndiyo maana achari yake humchenga hata mtu aliyebobea kwenye achari ya embe au ya ndimu. Embe bichi lina ukali wake wa asili, ndimu ndiyo usiseme. Zukini haina kitu. Ukiitumbukiza kwenye siki na maji yake yote, itayatoa pole pole ndani ya chupa na kuizimua siki uliyoipima kwa makini. Mwezi ukipita unafungua chupa, unakuta vipande vimelegea, mchuzi mwepesi, ladha imepooza.

Kwa hiyo kazi kubwa ya achari hii inafanyika kabla siki haijafunguliwa. Mapishi mengi yanayosambaa mitandaoni yanatumia mistari kumi kueleza viungo na nusu mstari kwa chumvi. Hapa tutafanya kinyume chake.

Zukini ya achari

Tafuta zile za sentimita 12 hadi 18, ganda linang'aa, ukucha unazama bila kusukuma. Ukikata katikati, mbegu ziwe bado laini na hazijajitenga na nyama. Mche wa zukini huanza kuzaa siku 45 hadi 60 baada ya kupandwa, na ukishaanza unataka kuchumwa kila siku moja au mbili. Ukipitiwa wikendi moja tu, Jumatatu unakuta mumunye. Hayo makubwa hayafai kwa vipande vya achari kwa sababu katikati yamejaa ute na ganda limekomaa, lakini usiyatupe. Menya, pasua kwa urefu, komba mbegu na ute wote kwa kijiko, na nyama ngumu iliyobaki iweke kando kwa ajili ya relishi, yaani achari ya mboga zilizokatwa ndogo ndogo. Kwa kazi hiyo ni bora hata kuliko changa, maana haina maji mengi kama zile.

Onja kila tunda kabla ya kukata, kipande kidogo kibichi kutoka upande wa kikonyo. Likiwa chungu, uchungu wa kukufanya uteme, tupa lote. Uchungu huo unatokana na kemikali ziitwazo kukurbitasini, na hauondoki kwa chumvi, siki wala moto. Mwaka 2015 mzee mmoja alifariki huko Heidenheim, Ujerumani, baada ya kula zukini chungu ya bustanini. Zukini ni ndugu wa damu wa vibuyu vya mapambo, spishi moja kabisa, na nyuki akipeleka chavua kutoka kimoja hadi kingine, mbegu utakazotunza huenda zikazaa matunda machungu msimu unaofuata. Kama bustani yako au ya jirani ina vibuyu hivyo, nunua mbegu mpya dukani kila msimu.

Ukishaosha, kata ncha zote mbili. Upande uliokuwa na ua ondoa angalau milimita 3, hata kama unaonekana safi. Hapo ndipo panapokaa vimeng'enya vinavyolainisha achari, na ni sababu moja ya kulegea ambayo watu huitafuta kwenye siki wasiione.

Chumvi

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuloweka: vipande vinafunikwa kwa maji baridi yenye chumvi kwa saa 2. Ya pili ni chumvi kavu: gramu 30 kwa kila kilo ya vipande, unachanganya kwa mikono hadi kila kipande kipate, unaweka kwenye chujio juu ya bakuli kwa saa 2 hadi 3. Kuloweka kunagawa chumvi sawasawa na kunafaa ukiwa na shehena kubwa. Mimi naegemea chumvi kavu, kwa sababu unayaona maji yanayotoka. Kilo moja ya vipande vya milimita 5 inaweza kukuachia karibu glasi nzima chini ya chujio. Ukitia barafu iliyopondwa juu yake, vipande vinabaki vigumu zaidi. Kwa aliyeko Tanga au Mombasa, ambako jiko lenyewe ni joto, barafu si anasa. Kama huna, weka bakuli lote kwenye friji.

Muda ni wa kukadiria tu, kipimo cha kweli ni mkono. Chukua kipande, kikunje. Kikivunjika kwa mlio, bado kina maji, kiache. Kikikunjika ncha kwa ncha bila kupasuka na kurudi taratibu, kiko tayari. Kikiwa kinateleza na kubonyea, umechelewa, au zukini ilikuwa imekaa sana sokoni. Ukifika hatua ya kukunjika, suuza kwa maji baridi mara moja, onja, na kama bado ni chumvi ya kukunja uso suuza tena. Halafu kausha. Si kuchuja tu: tandaza vipande kwenye taulo safi ya jikoni, funika kwa nyingine, bonyeza. Kwa zukini iliyokunwa kwa ajili ya relishi hakuna kifaa kinachokishinda kifumbu, kile kile cha kuchujia tui. Jaza, songoa kwa nguvu, geuza, songoa tena. Asiye na kifumbu atumie kitambaa chake cha tui, ila kiwe hakina harufu ya nazi iliyolala.

Kuhusu chumvi yenyewe: ya pakiti iliyosagwa laini ina madini joto na dawa ya kuzuia kugandamana. Haina madhara, lakini huufanya mchuzi usiwe angavu na wakati mwingine huzifanya mboga ziwe nyeusi kidogo. Chumvi ya mawe, kama ile ya mashamba ya Bagamoyo au Gongoni, inatoa mchuzi safi zaidi. Ioshe haraka kama ina mchanga, iponde, na uipime kwa mizani badala ya kijiko, kwa sababu kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havilingani uzito.

Siki isiyo na lebo usiitumie

Zukini ina pH ya karibu 6 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imepanda). Bakteria wa botulizimu, ambao hutoa sumu kali, wanapenda mazingira ya aina hiyo: unyevu, asidi kidogo, na chupa isiyo na hewa. Mbegu zao hazifi kwa maji yanayochemka. Kinachozizuia kuamka ni asidi, na mpaka wenyewe ni pH 4.6, chini ya hapo haziamki. Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo imepima mapishi mengi ya kuhifadhi mboga kwenye chupa, haitoi tena maelekezo ya kufungasha zukini tupu bila siki. Inasema igandishwe, au iwe achari. Vipimo vya achari ya vipande na vya relishi hapa chini vinafuata uwiano uliokwisha kupimwa, na sehemu ambayo hutakiwi kuichezea ni uwiano wa siki na mboga.

Siki iwe ya asilimia 5. Soma lebo: madukani kwetu utakuta chupa za asilimia 4 zikiwa zimesimama kando ya zile za 5, sura moja, bei karibu moja. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ni sehemu ya tano ya asidi yote unayoitegemea. Siki ya asilimia 4 itumie kwa achari ya kukaa kwenye friji tu. Ukikuta ya asilimia 10, izimue kwa maji kiasi sawa, nusu kwa nusu. Siki ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, isiyo na lebo, inafaa kwa kachumbari ya mchana. Ndimu na ukwaju navyo, kwa utamu wao wote, ukali wao unabadilika kutoka tunda hadi tunda, kwa hiyo viongeze kwa ladha ukipenda, lakini visichukue nafasi ya siki. Siki nyeupe inatunza rangi. Ya tufaha inaitia kahawia lakini ladha yake ni ya mviringo zaidi, nami naitumia kwenye relishi.

Jambo moja linalosahaulika: masufuria yetu mengi ni ya alumini, na siki ya moto inaila alumini. Achari inapata ladha ya chuma na mchuzi unageuka kijivu. Pikia kwenye stenlesi au chungu cha enameli ambacho hakijabanduka. Shaba ndiyo usiisogeze kabisa. Sufuria ya alumini itumie baadaye kuchemshia chupa zilizofungwa, hapo haigusani na siki.

Achari ya vipande

Vipimo hivi vinatoa chupa nne za nusu lita. Zukini gramu 900, zikatwe duara za milimita 5. Vitunguu maji gramu 220, vikatwe vyembamba. Chumvi gramu 70 kama unaloweka, au gramu 30 hadi 35 kama unatumia chumvi kavu. Siki ya asilimia 5, mililita 500. Sukari gramu 200. Mbegu za haradali vijiko 2 vya chakula, mbegu za selari kijiko 1 cha chakula, manjano ya unga kijiko 1 cha chai.

Mbegu za selari hazipatikani kila mahali. Badala yake weka mbegu za giligilani, au nusu kijiko cha uwatu, na hakuna atakayelalamika. Viungo vikavu badilisha utakavyo: karafuu tatu, kijiti cha mdalasini, pilipili manga nzima, habasoda. Havigusi asidi. Vitunguu, saumu, tangawizi mbichi na pilipili mbichi ni habari nyingine, kwa sababu navyo ni mboga zenye asidi kidogo. Ukitaka pilipili mbuzi mbili, punguza uzito huo kwenye kitunguu.

Zukini na vitunguu vikishapita kwenye chumvi, vikasuuzwa na kukaushwa, chemsha siki, sukari na viungo. Mchuzi ukichemka tia mboga zote kwa pamoja, ngoja uchemke tena, punguza moto, hesabu dakika 5 na si zaidi. Utaona kijani kikigeuka cha zeituni. Ndivyo inavyotakiwa, asidi inabadilisha klorofili, ile rangi ya kijani ya mmea. Dakika 10 kwenye moto na umepika mboga, si achari.

Jaza chupa zikiwa za moto, mboga kwanza, kisha mchuzi hadi ubakize nafasi ya sentimita 1.25 kutoka mdomoni. Pitisha kijiti cha mshikaki pembezoni mwa chupa ili kutoa mapovu ya hewa, ongeza mchuzi kama umeshuka, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye siki, funga kwa nguvu ya ncha za vidole.

Kama hutaki habari ya kuchemsha chupa, ishia hapa. Acha zipoe, weka kwenye friji, anza kula baada ya siku mbili au tatu, zimalize ndani ya miezi miwili. Kwa familia nyingi hiyo inatosha, na achari ya friji inabaki ngumu kuliko ile iliyochemshwa.

Relishi

Hii ndiyo inayokwenda na soseji, baga, samaki wa kukaanga, chapati iliyokunjwa na yai, na mihogo. Inataka zukini gramu 500 iliyokunwa kwa matundu makubwa au kukatwa vipande vidogo sana, vitunguu gramu 300, pilipili hoho ya kijani gramu 150 na nyekundu gramu 150, vyote vikatwe ukubwa mmoja. Usitumie mashine ya kusaga, inatoa uji. Chumvi gramu 70, mimina maji baridi yafunike, saa 2. Mwaga, suuza, halafu ndipo kifumbu kinaingia kazini. Songoa hadi ngumi yako isitoe tone.

Kwenye sufuria: siki mililita 500, sukari gramu 700, mbegu za selari vijiko 4 vya chai, mbegu za haradali vijiko 2 vya chai. Ikichemka, tia mboga, ichemke kwa moto mdogo dakika 10. Bakiza nafasi ya nusu sentimita hivi juu ya chupa. Utapata chupa saba au nane za mililita 250.

Sukari gramu 700 inatisha, najua. Hapa sukari si mlinzi, ni ladha na uzito wa mchuzi, kwa hiyo unaweza kushuka hadi 450 bila hatari. Relishi itakuwa nyepesi na kali zaidi, na kwa ulimi wa pwani naona ni afadhali. Siki usiiguse. Na usiifanye nzito kwa wanga wa mahindi (kornflawa) kabla ya kufungasha, ingawa mapishi mengi ya zamani ya Marekani yanasema hivyo. Wanga huzuia joto lisifike katikati ya chupa. Ukiitaka nzito, izidishie uzito siku ya kuila.

Kuchemsha chupa, na swali la mwinuko

Chupa zinazofaa ni zile nene zenye kifuniko cha sehemu mbili, sahani na pete. Kwetu ni ghali na hazipatikani kila duka, kwa hiyo watu hutumia chupa za jamu na mayonezi. Kwa friji hazina tatizo. Kwa kabati zina tatizo moja: mpira ulio ndani ya kifuniko umeshabonyezwa mara moja kiwandani, na mara ya pili unaweza kushika au usishike. Kama ni lazima, nunua vifuniko vipya vya saizi hiyo, na chupa yenye ufa hata wa unywele iache.

Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa ili chupa zisigongane na chuma. Maji yawe ya moto tayari, chupa nazo za moto. Chupa baridi kwenye maji yanayochemka hupasuka kitako. Maji yazifunike kwa sentimita 2.5 juu ya vifuniko. Saa inaanza kuhesabiwa maji yanapochemka kwa nguvu, si unapozitumbukiza.

Mapishi mengi yanasema dakika 10 na kuishia hapo. Dakika hizo ni za watu wa usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto la chini zaidi, karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,700, yanachemka kwenye nyuzi 94 na kitu. Kwa hiyo: hadi mita 300, dakika 10. Kutoka 300 hadi 1,800, dakika 15, na hapo ndipo walipo wa Kampala, Kigali, Bukavu, Arusha, Iringa, Mbeya na Nairobi. Juu ya mita 1,800, dakika 20; wa Eldoret na Limuru wasibishane na hili. Muda huu ni kwa chupa za nusu lita au ndogo zaidi.

Ukimaliza, zima moto, subiri dakika 5, zitoe bila kuzilaza, ziache juu ya kitambaa mahali pasipo na upepo. Usikaze tena pete. Utasikia vifuniko vikitoa mlio mmoja mmoja vinapovutwa ndani. Baada ya saa 12 hadi 24 bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kisichocheza kimeshika. Kinachorudi juu hakikushika, chupa hiyo iende friji. Zilizoshika zikae gizani mahali pa baridi, wiki 3 au 4 kabla ya kufunguliwa, kwa sababu siki mbichi bado inapiga pua na viungo havijaingia. Zinakaa mwaka mzima, ingawa kwenye joto la pwani ulaini huja mapema zaidi.

Ya mafuta, kwa mtindo wa pwani

Zukini inakubali mkono wa achari ya embe, lakini kwa masharti. Kata kilo moja vijiti vya ukubwa wa kidole cha mtoto, toa sehemu ya mbegu. Chumvi gramu 50, zilale usiku kucha kwenye friji. Asubuhi songoa, tandaza kwenye ungo, funika kwa kitambaa cha neti dhidi ya nzi, anika jua kali kwa muda wa saa 5 hadi 6, mpaka kingo zijikunje na kipande kiwe kama ngozi laini. Watu wa Napoli nao huanika zukini namna hii kabla ya kuzikaanga na kuzimwagia siki na mnanaa. Jua linafanya kazi ambayo chumvi peke yake haiimalizi. Siku ya mawingu usianze.

Chemsha siki ya asilimia 5, mililita 300, bila maji, tia vijiti, dakika 3, chuja, na siki iliyobaki itunze. Pasha mafuta mililita 150 (ya haradali kama unayo, au ya alizeti), tia mbegu za haradali kijiko 1 cha chakula hadi zianze kuruka, uwatu nusu kijiko cha chai, kisha ondoa motoni kabla ya kutia manjano, pilipili ya unga, saumu na tangawizi zilizotwangwa, kwa sababu unga huungua kwa sekunde. Rudisha kwenye moto mdogo hadi saumu ipoteze harufu ya ubichi, mimina siki uliyotunza pamoja na vijiti, chemsha dakika 5, poza, tia chupani.

Hii ikae kwenye friji na iliwe ndani ya wiki tatu au nne. Haiendi kabatini hata kama bibi alikuwa akiiweka ya embe dirishani mwaka mzima. Embe lilikuwa na asidi yake hadi ndani. Kwenye zukini, mafuta yanafunga hewa, na kipande ambacho siki haikufika katikati yake ni chumba kizuri cha botulizimu, na sumu hiyo haina harufu wala haibadilishi rangi.

Kuchachusha kwa maji ya chumvi bila siki kunawezekana pia: zukini ndogo nzima za sentimita 8 hadi 10, chumvi gramu 50 kwa lita moja ya maji, zizamishwe kabisa kwa kitu kizito. Lakini uchachu mzuri unapenda nyuzi 18 hadi 22. Nyuzi 30 za pwani zinauharakisha, na zukini inalegea kabla haijawa chachu ya kueleweka. Kama uko Lushoto au Njombe, jaribu. Kama uko Tanga, fanya matango, yanavumilia kidogo zaidi.

Ikienda vibaya

Vipande vilivyolegea kwa kawaida vina sababu moja kati ya nne: ncha ya ua haikukatwa, chumvi iliharakishwa, siki dhaifu, au moto wa muda mrefu. Utasikia wengine wakishauri chokaa ya tambuu ili ziwe ngumu. Inafanya kazi, lakini chokaa ikibaki kidogo tu inaipunguzia siki ukali wake, na kuisuuza ikaisha yote kunataka kuloweka na kumwaga mara nyingi. Barafu na zukini changa zinatosha.

Vipande vilivyosinyaa na kukunjamana vimepigwa na sukari au siki nyingi kwa mkupuo. Mchuzi mweusi au wa kijivu uangalie sufuria kwanza, kisha maji: ya kisima chenye chuma huharibu rangi, na kwa kuloweka tumia ya kunywa. Mashapo kidogo chini ya chupa mara nyingi ni manjano au chumvi ya pakiti. Saumu iliyogeuka bluu au kijani inashtua watu, lakini ni kemia ya saumu na asidi, haina madhara.

Kifuniko kilichovimba, mchuzi unaotoa mapovu bila kutikiswa, au unaoruka ukifungua, au kamasi juu ya vipande: usionje. Funga kwenye mfuko, tupa mahali ambapo kuku na paka hawafiki, na uioshe sehemu hiyo ya jiko.

Mchuzi unaobaki baada ya kula vipande usiutumie kufungashia chupa nyingine, kwa sababu zukini imeshauzimua na hujui umebaki na asilimia ngapi. Ulowekee nyama ya mishikaki usiku mmoja, au uumimine kwenye kachumbari badala ya ndimu.